Bibi Anataka Kitukuu, Mama Anataka Shahada

*Shangazi, nina miaka 31. Bibi anasema umri unakwenda, niolewe nimzalie kitukuu akingali hai. Mama hataki hata kusikia. Aliacha chuo alipobeba mimba yangu, na kila nikimtaja mchumba wangu ananikumbusha alichopoteza kwa ajili yangu. Anataka nimalize kwanza shahada ya uzamivu. Nimechoka. Nimridhishe nani?*
*Niliye Katikati*

Mwanangu, katika barua yako bibi anataka, mama anataka. Wewe umechoka tu. Hujaniambia kama unataka kuolewa, wala kama huo uzamivu unautamani. Jibu hilo ulijue kwanza wewe, kabla hujakaa na mtu yeyote.

Bibi yako usimwone mkorofi. Kwa wanawake wengi wa rika lake, ndoa ndiyo iliyokuwa kinga, na sheria zenyewe zilisaidia kuifanya hivyo. Ufaransa, hadi 1965, mume aliweza kumzuia mkewe kufanya kazi, na mke hakuweza kufungua akaunti ya benki bila idhini yake. Marekani, mpaka sheria ya 1974 ilipokataza, benki ziliweza kumnyima mwanamke mkopo kwa sababu tu hana mume. Aliyekulia nyakati hizo akikuhimiza kuolewa, mara nyingi anauliza nani atakutunza yeye akishaondoka. Ijibu hofu hiyo. Mweleze kazi yako, akiba yako, watu ulio nao. Huenda asinyamaze, lakini atatulia kidogo.

Mzigo mzito ni wa mama. Shinikizo la bibi unalitambua likija. La mama linakuja kwa jina la uhuru wako, ndiyo maana ukilikataa unajiona msaliti. Lakini binti anayesoma kwa kuamriwa hana uhuru zaidi ya anayeolewa kwa kuamriwa. Na kumwambia mtoto "niliacha chuo kwa ajili yako" ni kumbebesha deni ambalo hakulikopa. Mama alipoteza kitu cha kweli, na ninamwonea huruma sana. Huruma hiyo haimpi haki ya kulipwa kwa maisha yako.

Kaa naye wawili tu, bila bibi, bila mama wadogo. Usiseme "hata bibi anakubaliana nami," maana hapo utakuwa umewagombanisha wao na jambo lako litapotea. Sema: "Mama, najua ulichokiacha, na nakushukuru kwa kunilea. Kuhusu ndoa na masomo nitaamua mimi, na nikishaamua nitakuja kukwambia mwenyewe." Pengine atalia. Mshike mkono, lakini maneno yako usiyabadilishe. Na usimpe "nitafikiria"; mzazi mwenye hamu hulisikia kama ndiyo.

Mchumba umempitia juu juu. Suala la watoto, kama mtapata na lini, lizungumze naye kabla ya ndugu wote. Mwulize pia kama atakuwa tayari kuishi na mke anayesoma, kama utaamua kusoma.

Siku nyingine, mambo yakishapoa, mwulize mama alikuwa anasomea nini, na kama angependa kurudi. Usimwulize kwa kumkomoa. Vyuo vingi hupokea wanafunzi wa umri wake, na akisema ndiyo, kaa naye umsaidie kujaza fomu.