Tanga kuipiku Mombasa kwa sababu ya bomba?

Umeuliza kama bomba la mafuta litaifanya Tanga iipite Mombasa kwa viwanda. Kwa bomba peke yake, ndugu yangu, sidhani.

Tanga iliwahi kuwa mji wa viwanda kwelikweli, na mkonge ndio ulioubeba: mashamba, mitambo ya kuchakata singa, reli na bandari vilitegemeana. Kamba za plastiki zilipoingia sokoni miaka ya 1960 bei ikaporomoka, 1967 mashamba mengi yakataifishwa, na vyote vikalegea pamoja. Saruji ya Pongwe, hapo Tanga, imedumu kwa kuwa mawe ya chokaa yako palepale.

Mombasa nayo imepoteza, ila hilo halisemwi sana. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, cha tangu 1963, kiliacha kusafisha 2013. Kilichobaki ni matangi ya kuhifadhia. Kisha SGR, reli mpya ya kisasa, ikaanza 2017, makontena yakaelekezwa kupanda treni hadi Nairobi, na waliolia ni wenye malori, mama ntilie wa barabarani na yadi za makontena.

Sasa bomba lenu: kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, mafuta ghafi yapakiwe melini yaende zake. Ajira nyingi ni za wakati wa ujenzi. Mimi ningetazama zaidi gati la Tanga, lililoongezwa kina hadi mita 13. Zamani meli kubwa zilitia nanga mbali, mzigo ukashushwa kwa matishari, gharama mara mbili. Mwenye kiwanda anaangalia hilo kwanza.