Jibu: Mwezi wa 7 na utosi bado mtupu, nirudie kupandikiza?

Salama ndugu wa Goma. Umesema ulipandikiza nywele Istanbul, sasa ni mwezi wa 7 tangu upandikize, mbele zimeota chache, utosi bado unang'aa, na unataka kurudi upesi.

Usikate tiketi kwanza. Nywele zilizopandwa hupukutika wiki za mwanzo, huanza kuota mwezi wa 3 au wa 4, na hukamilika karibu mwezi wa 12. Utosi huchelewa zaidi. Mimi pia nilipandikiza, na mwezi wa 8 nilikaa chini ya balbu kwa kinyozi wangu hapa Kadutu, Bukavu, nikaona ngozi tupu kwenye kioo. Niliumia sana, hata harusini nilivaa kofia. Mwezi wa 14 mbele palijaa, utosi, hapana.

Anza kuangalia kisogo. Mizizi hutolewa huko, na iliyotolewa hairudi. Kinyozi akunyoe fupi: ukiona mabaka matupu, akiba imebaki ndogo. Papasa pia. Ukikuta makovu yaliyovimba, muone daktari wa ngozi kabla ya lolote.

Halafu nywele zetu za kipilipili hupinda hata chini ya ngozi, mzizi hukatika kirahisi ukitolewa. Uliza nani atashika kifaa, daktari au msaidizi, na ameshatibu wangapi wenye nywele kama zako. Mimi nilipotaka kurudia walinijibu kwa kuzungukazunguka, nikaacha.

Kwa sasa piga picha kila mwezi, mahali pamoja, mwanga uleule, nywele zikiwa kavu.