Jibu: Tisa haina uchawi, ni jirani tu wa kumi

Mkuu mtoa mada, umeuliza tisa ina siri gani hadi namba ikigawanyika kwa 9, jumla ya tarakimu zake nayo igawanyike. Mimi si mwalimu wa hesabu. Hili nililijua nikiwa karani wa duka la vifaa vya ujenzi, siku daftari na risiti zilipopishana kwa 2,700.

Tulihesabu mpaka usiku. Bosi alishaanza kumtazama kijana wa kaunta kwa jicho lile mnalolijua. Mhasibu mmoja mzee, aliyekuwa akija mwisho wa mwezi, akauliza, "Hiyo tofauti inagawanyika kwa tisa?" Nikapiga, ikaja 300. "Basi tafuteni mlipogeuza elfu na mia. Tarakimu zenyewe zinapishana kwa tatu." Hazikupita dakika kumi: risiti ya 85,200 mimi mwenyewe nilikuwa nimeiandika 82,500.

Sababu ni hii. Kumi ni 9 na moja, mia ni 99 na moja, elfu ni 999 na moja. Ukitoa tisa zote, kila kumi, mia au elfu inabakiza moja tu, kwa hiyo 85,200 inabaki 8+5+2, yaani 15, ukitoa tisa tena, 6. Na 82,500 ina tarakimu zilezile, baki lake ni 6 vilevile. Namba mbili zenye baki linalofanana, tofauti yao lazima igawanyike kwa 9. (Ila aliyechomoa 9,000 kwenye droo naye anapita kipimo hiki, msije mkawasafisha watu kwa hesabu hii peke yake.)

Sasa angalia: hoja yote imesimama juu ya kumi. Tungekuwa tunahesabu kwa mfumo wa nane, nafasi zingekuwa mamoja, manane, kisha sitini na nne. Nane ni 7 na moja, 64 ni 63 na moja. Cheo cha tisa kingehamia kwa saba. Arobaini na mbili kwa mfumo huo huandikwa 52, na 5+2 ni 7. Kwa mfumo wa 16 cheo ni cha 15, na kwa kuwa 15 ni 3 mara 5, kipimo kilekile kinakamata tatu na tano pia. Mfumo wa mbili unampa cheo 1, ambaye hana faida kwa yeyote.

Ulionichanganya mimi ni mfumo wa tatu. Hapo cheo ni cha mbili, kwa hiyo shufwa na witiri huzitambui kwa tarakimu ya mwisho. Tano huandikwa 12, inaishia na 2 lakini ni witiri. Nne huandikwa 11, nayo ni shufwa. Jumlisha tarakimu ndipo ujue.

Lakini namba yenyewe haibadiliki kwa kubadilishiwa nguo. Kumi na tatu ni tasa ukiiandika 13, 15 kwa mfumo wa nane, 111 kwa wa tatu au 1101 kwa wa mbili. Chukua mawe 13 uyapange safu zinazolingana, utaambulia safu moja ndefu tu.

Na aliyeuliza hapo juu kama kuna njia ya kujumlisha tarakimu kwa ajili ya 7: ipo, geuza namba yako iwe ya mfumo wa nane kwanza. Utakapomaliza kugeuza, mwenzako aliyegawanya kawaida atakuwa ameshakunywa chai.