Jibu: Usipige tupa tundu la ekzosi kwanza

Kaka, unasema injini ya ndege yako ndogo ya mfano, ile inayowashwa kwa plagi ya moto, ilikuwa safi Dar, ila tangu uhamie Dodoma inatema moshi mzito na haina nguvu, ndiyo maana unataka kupanua ekzosi. Nakuomba weka tupa chini. Ukishakwangua chuma hakirudi.

Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 10 kuliko pwani. Sindano ya kabureta, ile skrubu inayopima mafuta, ikibaki ilipokuwa, mafuta yanazidi hewa. Acha injini ipate moto, fungua kabureta yote ipate hewa, kisha ukiwa nyuma ya propela kaza sindano tiki (hatua ndogo) moja moja, ukiipa muda itulie. Bana mpira wa mafuta kidogo sana: mlio ukipanda kidogo tu, umepatia, ukipanda sana, bado mafuta mengi, ikizima papo hapo, umekaza mno, legeza haraka. Halafu legeza tiki moja au mbili, maana angani propela inazunguka kwa wepesi zaidi na mafuta yataipungukia injini.

Plagi ikiwa imechoka, badilisha. Na kwa vumbi letu hili la kiangazi, chuja mafuta kabla ya kujaza tangi.