Swali la Lugha: Umelitengeneza, Umeliunda, au Umelinoa?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Sisi ni mafundi watatu hapa Katwe, Kampala. Tunatengeneza gari dogo la spoti la viti viwili kwa kuiga Lotus Seven, gari jepesi la Kiingereza. Fremu tumeshaitengeneza, injini ya Toyota 4A-GE tumeitengeneza ikazidi nguvu, na sasa mteja mwingine anataka tumtengenezee la umeme. Kwenye kibao tuandike gari feki, gari bandia au nakala? Na kutyuni ni Kiswahili? (Msomaji, Katwe)

JIBU: Marahaba. Tuanze na kibao, maana hakina kazi kubwa. Feki futeni. Noti feki, dawa feki, cheti feki: muuzaji anaomba Mungu usigundue. Nyinyi mnataka mteja ajue kwamba hili si gari la kiwandani, na alipe akijua hivyo. Bandia lina ndimi mbili. Meno bandia hayamfungi mtu, noti bandia inamfunga, na kibao cha barabarani si mahali pa kumwachia mpita njia achague maana. Nakala, neno tulilopewa na Kiarabu kwa maana ya kuhamisha kitu kutoka hapa kwenda pale, linadai ufanano wa karibu sana. Seven ya kwanza ya Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus, ya mwaka 1957, ni finyu mno. Mkiipanua sentimita kumi ili mteja mwenye kitambi aingie bila kusukumwa, hiyo si nakala tena. Andikeni "gari la mwigo". Mwigo haufichi kitu wala haudai kitu. Hilo limekwisha.

Lakini barua yenu, jamani! Kutengeneza mara nne katika mistari mitatu, na kila mara ni kazi nyingine kabisa. Mara ya kwanza mnaunda gari zima. Mara ya pili mmekata na kuchomelea vyuma. Mara ya tatu mmeichukua injini nzima, isiyo na ugonjwa wowote, mkaiongezea nguvu. Mara ya nne mnapanga kung'oa injini na kuweka mota mahali pake. Kazi nne, ujuzi wa aina nne, bei nne, na kitenzi kimoja kinabebeshwa zote kama punda wa mtu asiye na huruma.

Neno lenyewe halina kosa. Limetoka kwenye tengenea, yaani kukaa sawa, kuwa katika hali inayofaa, na ndugu yake ni tengemaa. Kutengeneza ni kukifanya kitu kikae sawa. Ndiyo maana saa iliyosimama hutengenezwa, nywele zilizovurugika hutengenezwa. Najua kamusi zinaruhusu pia maana ya kuunda, na sibishani na kamusi. Nabishana na watu walioifanya ruhusa hiyo kuwa sheria, wakavitupa vitenzi vingine vyote jalalani.

Chukueni sentensi hii, ambayo haijanichosha bado: "Makerere walitengeneza gari la umeme mwaka 2011." Mjuao habari za Kiira EV mnaelewa kwamba wahandisi na wanafunzi wa chuo walibuni na kuunda gari la viti viwili. Mpeni sentensi hiyo mgeni wa Tanga asiyejua kitu. Ataelewa kwamba Makerere kulikuwa na gari la umeme, likaharibika, likapelekwa kwa fundi, likapona. Kutoka kazi ya kihistoria hadi kubadilisha fyuzi, kwa kitenzi kimoja! Iongezeni neno "tena", "walitengeneza gari tena", na sasa hata mimi sijui kama wameunda la pili au la kwanza limeharibika mara ya pili. Iwekeni katika kutendeka, "gari hili linatengenezeka", na mnunuzi atauliza: linaundika au linakarabatika? "Waliunda gari la umeme mwaka 2011." Maneno sita tu, na hakuna anayeuliza kitu.

Chanzo cha ugonjwa huu hapa Uganda nakijua. Luganda ina okukola, kitenzi kipana kinachobeba kufanya, kufanya kazi na kuunda, na anayefikiri kwa Luganda akifika kwenye Kiswahili hutafuta mwenzake mpana kama huyo. Simlaumu kwa hilo. Ila Luganda yenyewe, ilipoona magari yamekuja, ilimchukua makanika ikamzalia kitenzi okukanika, mahsusi kwa kazi ya gari. Waganda waliona haja ya kutofautisha, na Kiswahili, chenye vitenzi tele kabatini, kinatembea na kimoja.

Haya, tufungue kabati. Kuunda ni kukifanya kitu kiwepo ambacho hakikuwepo. Kuunganisha ni kuvikutanisha vipande vilivyokwisha kuundwa na mtu mwingine. Tofauti hiyo iliwahi kuwa na thamani ya fedha taslimu. Uingereza, hadi 1973, gari kamili lilitozwa kodi ya ununuzi, lakini vipande vya Seven vilivyouzwa ndani ya masanduku ili mnunuzi aunganishe mwenyewe nyumbani havikutozwa. Ilipoanza kodi ya ongezeko la thamani mwaka huo, mwanya ukaziba, na mwaka huohuo kampuni ya Caterham ikachukua haki za Seven. Aliyekiri "nimeunda" na aliyekiri "nimeunganisha" hawakuwa wamesema jambo moja, na mtoza kodi alilijua hilo kuliko waandishi wetu.

Fremu yenu basi mmeiunda, na ndani ya kuunda mna vitenzi vidogo vyenye adabu zao. Bomba la mraba la milimita 25 kwa 25, unene wa 1.6, hukatwa, hupigwa msasa mpaka ling'ae, kisha hushikizwa. Kushikiza ni kutia nukta ndogo za weldi kila kiungo, fremu ikiwa juu ya meza iliyonyooka, kabla ya kuchomelea moja kwa moja. Ukishikiza unapima mshazari kona hadi kona, pande zote mbili. Vipimo vikitofautiana, nukta hukatwa kwa grainda bila kilio. Fundi anayeambiwa tu "tengeneza fremu" huchomelea kiungo cha kwanza mpaka mwisho, kisha cha pili. Chuma kikipoa hujikunja kuelekea kwenye weldi, fremu inapinda kama mkeka, na magurudumu manne hayakubaliani tena barabara iko wapi. Chomelea kidogo upande huu, hamia upande wa pili, acha ipoe.

Na msiniambie mlitumia mabomba ya geti ya milimita 3 kwa sababu ni "rahisi". Rahisi ni bei au ugumu wa kazi, nyepesi ni uzito, na hapa maneno hayo mawili ni maadui. Bomba la 1.6 lina kilo 1.2 hivi kwa mita, la 3 lina kama 2.1. Kwa mita 40 mmejibebesha kilo 36 katika gari ambalo maana yake yote ni kukaa karibu na kilo 500.

Injini sasa. Iliyochoka hukarabatiwa: ringi, beringi, gasketi, valvu kusagwa upya, mpaka irudi ilivyotoka kiwandani. Hapo hata kutengeneza nakuvumilia. Lakini injini nzima iliyoongezwa nguvu haikutengenezwa, maana haikuwa imeharibika. Nayo hiyo nasema imenolewa. Kisu kizima hunolewa, timu nzima hunolewa na kocha wake, na 4A-GE nzima hunolewa.

Tena kunoa kuna hesabu. Silinda moja ya injini hiyo ina kipenyo cha milimita 81 na mwendo wa pistoni wa 77, kama sentimita za ujazo 397. Ile ya mwanzo ina mgandamizo wa 9.4 kwa 1, maana yake chumba cha mwako kina sentimita za ujazo 47 na kidogo. Mkichonga hedi, yaani kifuniko cha juu ya silinda, kwa nusu milimita, mnapunguza chumba kwa takriban 2.6, na mgandamizo unapanda hadi karibu 9.9. (Mafundi husema kuskimu hedi. Kuchonga lipo, ni letu, na ndilo neno la kazi yenyewe.) Madhara yake yapangeni mapema. Hedi ikishuka, umbali kati ya kamshafti (mihimili inayofungua valvu) na krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) unapungua, mkanda wa taimingi unabaki na ulegevu, na kamshafti zinachelewa kidogo. Dawa yake ni puli zinazorekebishika. Nafasi kati ya valvu na pistoni nayo inapungua, hasa mkiweka kamshafti zenye mwinuko mkubwa. Bandikeni plastisini juu ya pistoni, fungeni hedi na mkanda, zungusheni krenki kwa mkono mizunguko miwili, fungueni, mpime unene uliobaki. Mkipuuza, valvu zitapiga pistoni, na pistoni zilizotoboka zitapelekwa kutengenezwa. Hapo kitenzi chenu kitakuwa sahihi.

Kuna pia kuseti, ambako siko tayari kupigana nako, maana kumeingia gereji zote kuanzia Mombasa hadi Kabale na kuna maana moja iliyo wazi: kukiweka kifaa kwenye kipimo chake. Taimingi ya cheche ya 4A-GE ya sindano (inayopuliza petroli bila kabureta) husetiwa nyuzi 10 kabla pistoni haijafika kilele, vituo T na E1 vya soketi ya ukaguzi vikiwa vimeunganishwa kwa waya. Msipoviunganisha, kompyuta inajisogezea taimingi yenyewe na taa yenu ya kupimia taimingi inawasomea uongo. Na mkiweka kabureta, zisetini hapahapa. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya bahari, hewa ni hafifu kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, kwa hiyo jeti (vitundu vya kupimia petroli) zilizochaguliwa Mombasa zitamwaga petroli nyingi mno: plagi nyeusi, moshi mweusi, mteja mwekundu.

Kutyuni? Kwa redio na gitaa semeni mpendavyo. Kwa injini neno hilo linarudia kosa la kutengeneza kwa nguo za kigeni: mmoja anatyuni akimaanisha kuseti, mwingine akimaanisha kunoa, na wa tatu amebadilisha ekzosti tu ili gari lipige kelele. Huyo wa tatu hana kitenzi kwangu.

La umeme, mwisho, ni kugeuza. Gari lipo, mnaligeuza. Mnatoa injini, tangi, rediyeta na ekzosti, mnabaki na giaboksi kama mnaitaka, na mota inafungwa kwake kwa bamba la kuunganishia lililochongwa sawasawa, kwa sababu shafti zisipokuwa kwenye mstari mmoja beringi zitalia ndani ya wiki. Betri nazo hazitengenezwi, zinapangwa. Seli 32 za litiamu-chuma-fosfeti za volti 3.2, zenye saa-ampea 100, zikifuatana zinatoa volti 102 na kama kilowati-saa 10, kwa kilo 64 za seli peke yake. Mkitumia asilimia 80, kwa wati-saa 130 kwa kilomita, mna kilomita 60 na kidogo: Entebbe mtafika, kurudi mtaomba umeme, Jinja msijaribu. Mkitaka mwendo mrefu mnalipa kwa uzito. Tesla Roadster ya 2008, iliyozaliwa kutokana na Lotus Elise, ilibeba betri ya kilo 450 hivi, karibu Seven nzima. Wekeni fyuzi karibu na betri, kigeuzi cha kushusha volti hadi 12 kwa taa na honi (altaneta imeondoka na injini), na rezista ya kujaza taratibu kapasita za kidhibiti cha mota kabla kontakta (swichi kuu ya betri) haijafunga, la sivyo kontakta itajichomelea kwa mkurupuko wa kwanza na gari halitazimika. Kisha mtu atawaambia, "Tengeneza hiyo betri," na fundi mtiifu ataifungua kwa bisibisi, volti 102 zikimsubiri.

"Gari ya umeme" badala ya "gari la umeme" nimeshaiachia. Nimeipinga miaka mingi, sasa naisikia nikiwa nimekaa. Na mteja wenu akishaketi ndani ya gari lisilo na tone la petroli, rafiki aliye kiti cha pili atampigia kelele akanyage mafuta. Hilo nalo muacheni, akanyage.