Roboti aunganishe, kufunga tumwachie mtu

Michango ya msimbo (pull request) inayosubiri kwenye ripo yetu, yaani hazina ya msimbo wa mradi wetu kwenye GitHub, ilipopita arobaini, nilichoka nikaamua roboti afanye kazi. Tulikuwa watunzaji watatu, sote tukiishika ripo usiku baada ya ajira zetu. Jioni moja niliandika kazi mbili za kujiendesha kwenye GitHub Actions, huduma ya GitHub ya kuendesha kazi kama hizo: moja ya kuunganisha, yaani kuingiza mchango kwenye msimbo wetu, na nyingine ya kufunga mchango bila kuuingiza. Ya kwanza ilininyima usingizi. Ya pili ilitupotezea mtu.

Tuanze na usingizi. Masasisho ya maktaba (msimbo wa wengine tunaoutumia) yanayoletwa na Dependabot, roboti wa GitHub, niliyapitisha kwa amri ya kuunganisha yenye --auto, nikiamini itasubiri majaribio ya msimbo yapite. Kweli husubiri, ila husubiri yale tu uliyoyataja kuwa ya lazima kwenye kanuni za kulinda tawi, yaani mkondo wa msimbo. Sisi hatukutaja hata moja. Majaribio yalikuwapo, yakiwaka kijani na nyekundu kama taa za barabarani ambazo hakuna anayezijali, na kila sasisho likaingia papo hapo. Nikaamka nikakuta tawi kuu limevunjika kwa sababu maktaba ya tarehe imebadili toleo. Kwa hiyo kabla hujamgusa roboti, nenda kwenye ulinzi wa tawi, taja majaribio ya lazima jina kwa jina, na weka idhini ifutike komiti mpya (mabadiliko mapya yaliyohifadhiwa) ikiongezwa. Usipofanya hivyo, mtu ataidhinishiwa mistari mitatu kisha asukume mia tatu. Dependabot siku hizi namruhusu marekebisho madogo tu. Namba ya kwanza ya toleo ikibadilika, lazima mtu asome.

Halafu kuna hili lililonila siku mbili nzima: roboti aliunganisha vizuri, lakini kazi ya kuchapisha toleo haikuanza, wala hakukuwa na ujumbe wa hitilafu. Kumbe kinachofanywa kwa GITHUB_TOKEN, tokeni (ufunguo wa ruhusa) ambayo GitHub huipa kila kazi, huzuiwa makusudi kisianzishe kazi nyingine, ili roboti asijizungushe milele. Tukampa tokeni yake mwenyewe, yenye ruhusa finyu, mambo yakaenda.

Ukiwa na michango mingi kwa siku, utakutana pia na ile miwili ambayo kila mmoja unapita peke yake. Mmoja umebadili jina la fanksheni, mwingine umeongeza mahali panapoiita kwa jina la zamani. Git, programu inayofuatilia mabadiliko ya msimbo, haioni mgongano wowote, lakini yote miwili ikiingia, msimbo unavunjika. Watu wa lugha ya programu ya Rust walilishughulikia hili mapema kwa roboti wao bors: mchango hujaribiwa ukiwa umeshachanganywa na tawi kuu lilivyo wakati huo, ndipo tawi lisogezwe. GitHub ilifungua foleni yake ya namna hiyo kwa matumizi ya kawaida mwaka 2023. Kama unapata michango miwili kwa wiki, usijisumbue.

Sasa kufunga. Nilichukua kazi iliyotengenezwa tayari iitwayo stale, kama ilivyo: siku 60 bila shughuli inabandika lebo, siku 7 zaidi inafunga. Inahesabu siku tu, haiulizi nani anamsubiri nani. Mchangiaji mmoja alikuwa ametengeneza usomaji wa mafaili yenye majina ya herufi zisizo za Kilatini. Kila tulichomwomba alirekebisha, kisha akatusubiri sisi, nasi kimya. Siku ya 67 akapata ujumbe kwamba mchango wake umefungwa kwa kukosa shughuli. Akajibu neno moja, “Sawa.” Hakurudi tena. Baadaye mtumiaji akaripoti hitilafu ile ile, nikaitengeneza mwenyewe kwa mistari iliyofanana sana na yake. Niliona aibu kubonyeza kitufe cha kuunganisha.

Leo roboti hufunga kitu kimoja tu: mchango wenye lebo “tunamsubiri mchangiaji”, ambayo mtunzaji huibandika kwa mkono na ambayo huondoka yenyewe mchangiaji akiandika au akisukuma komiti. Ujumbe wa kufunga unasema, “Andika neno hapa, tutafungua,” kwa sababu asiye na ruhusa kwenye ripo hawezi kufungua tena kilichofungwa na mtunzaji. Tunamwonya pia asiiandike upya historia ya tawi lake wakati limefungwa. Akilisukuma kwa nguvu, hata sisi hatuwezi kuufungua mchango ule.

Michango isiyo na lebo hiyo ni deni letu. Kila Jumatatu asubuhi roboti anatuletea orodha yake, wa zamani zaidi juu, na jina la mtunzaji aliyepaswa kujibu. Wiki hii jina langu lipo mara nne.