Usimtambue Kipepeo Mbayuwayu kwa Mkia Pekee

Kwa yeyote anayeanza kuwatambua vipepeo mbayuwayu, yaani wa familia ya Papilionidae, hapa Dar es Salaam, ushauri wangu wa kwanza ni kwamba asitangulize mkia, yaani ncha ndefu inayochomoza kwenye bawa la nyuma. Anayeonekana kwa wingi katika nyua zetu, Papilio demodocus, mwenye mabawa meusi yenye madoa mengi ya manjano, hana mkia kabisa, ilhali vipepeo wengi wa jenasi ya Charaxes, wapenda matunda yaliyooza, wana mikia na hawamo katika familia hii.

Mimi huanza na miguu. Mbayuwayu akitua husimama kwa miguu yote sita, lakini Charaxes na jamaa zake husimama kwa minne, kwa kuwa ile miwili ya mbele imedumaa na kukunjwa kifuani. Kisha tazama bawa la nyuma upande wa tumbo: kwa mbayuwayu ukingo wake umebonyea, hivyo tumbo huachwa wazi. Papilio demodocus ana pia madoa mawili yanayofanana na macho katika kila bawa la nyuma, yenye rangi ya buluu na nyekundu. Kwa kuwa hupapatika hata anapofyonza ua, ni vyema kumvizia asubuhi, anapotandaza mabawa kuota jua.

Ushahidi ninaouamini kuliko wote, hata hivyo, uko kwenye mlimau au mndimu. Kiwavi mchanga wa Papilio demodocus ni mweusi mwenye mabaka meupe, na ni rahisi kumdhania kinyesi cha ndege. Akikua huwa wa kijani. Mguse taratibu kwa ncha ya jani: nyuma ya kichwa hujitokeza pembe laini yenye panda mbili na harufu kali, kiungo ambacho viwavi wa familia nyingine za vipepeo hawana. Tafadhali usikimbilie dawa ya wadudu, kwani mti uliokomaa huwamudu viwavi wachache. Miche ndiyo ya kulindwa.

Anayehitaji uangalifu zaidi ni Papilio dardanus wa misitu ya pwani. Dume ni wa manjano hafifu na ana mikia, lakini majike ya huku kwetu hayana mikia, nayo huiga rangi za vipepeo wasiolika na ndege, wakiwemo wa jenasi ya Amauris. Hao wanaoigwa husimama kwa miguu minne. Jike la dardanus, kwa sita.